Naperville, Carmel au Edina: kuchagua mji wa pembezoni wa wenye uwezo katika Magharibi ya Kati ya Marekani

Familia nyingi za Afrika Mashariki zilizotulia katikati ya Marekani hufika mahali ambapo deni la gari limekwisha, baba na mama wote wana kazi ya kueleweka, mtoto wa kwanza anakaribia darasa la sita, na mazungumzo ya jioni yanarudi kwenye swali lile lile: tukihama kwenye fleti hii, tuelekee wapi? Makala hii inalinganisha miji mitatu ya pembezoni ambayo hutajwa sana katika mazungumzo hayo. Wa kwanza ni Naperville katika jimbo la Illinois, kama kilomita 45 magharibi ya Chicago, wenye watu karibu 150,000. Wa pili ni Carmel katika Indiana, unaopakana na Indianapolis upande wa kaskazini, wenye watu karibu 100,000. Wa tatu ni Edina katika Minnesota, uliogusana na Minneapolis upande wa kusini-magharibi, wenye watu 53,000 na ushei. Yote mitatu ni miji ya wenye uwezo: kaya iliyo katikati ya orodha ya vipato huingiza zaidi ya dola 120,000 kwa mwaka, wakati kwa Marekani nzima kiwango hicho ni kama dola 80,000.

Mimi mwenyewe nimeishi miaka kadhaa katika mji wa aina hii nje ya Columbus, Ohio, na ndiyo maana sikuuingiza kwenye ulinganisho. Ama ningeupendelea, ama ningeuonea. Lakini kipimo ninachokitumia nilikipatia huko. Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Tanga, wiki ya kwanza alikaa karibu na dirisha la sebuleni. Barabara ilikuwa safi, miti imepandwa kwa mstari, nyasi zimekatwa usawa mmoja kutoka nyumba hadi nyumba, bila ukuta, bila geti, bila mlinzi. Siku ya nne akaniuliza, "Mwanangu, watu wa mtaa huu wamehamia wapi?" Hawakuwa wamehama. Walikuwa wakitoka na kurudi kupitia mlango wa banda la gari unaofunguka kwa rimoti na kushuka nyuma yao, hivi kwamba mtu anaweza kukaa mwaka mzima asijue sura ya jirani wa nyumba ya tatu. Tangu siku hiyo naamini kwamba mji wa namna hii upimwe kwanza kwa macho ya mtu wa nyumbani asiyeendesha gari, awe bibi, mke aliyefika juzi, au kijana wa miaka kumi na mitatu. Mwenye gari na kazi atakuwa salama popote.

Vigezo

Nimetumia vigezo vitano: shule, bei na kodi, usafiri kwa asiye na gari, majira ya mwaka, na watu utakaoishi nao. Usalama sikuuweka peke yake, kwa sababu miji yote mitatu ni tulivu na kigezo hicho hakitakusaidia kuchagua.

Shule

Hapa ndipo penye moyo wa jambo. Nchini Marekani mtoto husoma shule ya serikali kulingana na anwani ya nyumba yake, na sehemu ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya majengo ya eneo hilo. Kwa hiyo anayenunua nyumba katika mji wa pembezoni wa namna hii ananunua kiti cha darasani, na bei ya nyumba tayari imebeba bei ya kiti hicho.

Naperville imegawanyika baina ya wilaya mbili kubwa za shule, 203 na 204, na zote mbili zinaheshimika. Shule za sekondari za juu kama Naperville Central, Naperville North na Neuqua Valley hutoa masomo mengi ya kiwango cha chuo kikuu. Tahadhari ni moja: anwani kuandikwa Naperville hakukuambii mtoto atasoma wapi. Nyumba mbili zilizotenganishwa na barabara moja huweza kuwa katika wilaya tofauti, na zipo nyumba za pembeni zinazoangukia wilaya nyingine kabisa. Uliza ofisi ya wilaya ya shule kabla ya kuweka saini, wala usitegemee maneno ya dalali peke yake.

Carmel ina sekondari ya juu moja tu ya serikali, Carmel High School, yenye wanafunzi zaidi ya 5,000. Ukubwa huo una faida yake: kila kitu kipo, kuanzia okestra hadi studio ya redio, na timu ya wasichana ya kuogelea imechukua ubingwa wa jimbo kila mwaka tangu miaka ya 1980. Una gharama yake pia. Mtoto mwenye kujiamini hupata uwanja mpana, lakini mtoto mkimya aliyetoka kwenye darasa la watu ishirini anaweza kupotea kwenye korido zile kabla ya kupata rafiki mmoja. Mwenye mtoto wa namna hiyo afikirie mara mbili, na akihamia Carmel ahamie mtoto akiwa bado shule ya msingi, ili afike sekondari akiwa na wenzake.

Edina nayo ina sekondari ya juu moja, ndogo kuliko ya Carmel. Lakini jambo la kuzingatia hapa ni sheria ya Minnesota ambayo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, inamruhusu mzazi kuomba nafasi katika wilaya ya shule asiyoishi, na wilaya humpokea mtoto iwapo nafasi zipo. Edina hupokea watoto wa aina hiyo. Kwa hiyo familia inayoishi miji jirani ya Richfield au Bloomington, ambako nyumba ni nafuu, inaweza kupata shule ya Edina bila kununua nyumba ya Edina, mradi iombe mapema na mzazi awe tayari kumpeleka mtoto mwenyewe. Aidha, tangu mwaka 2023 wanafunzi wa shule za serikali za Minnesota hupewa kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, bila kujali kipato cha mzazi. Kwa mwenye watoto wanne hiyo si fedha ndogo.

Bei na kodi

Nyumba ya kawaida ya familia katika mji wowote kati ya hii mitatu huzidi dola 400,000 kwa urahisi, na Edina, kwa sababu ya ukaribu na jiji na uhaba wa ardhi, huelekea kuwa ya juu zaidi. Hata hivyo kinachotofautisha miji hii si bei ya kununua bali kodi ya majengo inayofuata kila mwaka, ambayo haiishi hata mkopo wa nyumba ukiisha.

Chukua nyumba ya dola 600,000. Naperville kodi yake huwa takribani asilimia 2 ya thamani, yaani kama dola 12,000 kwa mwaka, kwa kuwa Illinois ni miongoni mwa majimbo yenye kodi kubwa kabisa ya majengo. Carmel inalindwa na katiba ya Indiana, ambayo imeweka ukomo wa asilimia 1 kwa nyumba anayoishi mwenyewe, isipokuwa nyongeza ambazo wakazi wamezipitisha kwa kura. Kwa nyumba ile ile utalipa kama dola 6,000, pamoja na nyongeza ya shule ambayo wakazi wa Carmel wamekuwa wakiipigia kura ya ndiyo. Edina iko katikati, zaidi kidogo ya asilimia 1. Tofauti ya Naperville na Carmel ni karibu dola 500 kwa mwezi, na kwa kuwa benki nyingi huikusanya kodi hii pamoja na rejesho la mkopo, wanunuzi wengi huiona siku wanapokokotolewa malipo ya mwezi na kushtuka.

Kodi ya mapato hurekebisha mizani kidogo. Illinois hutoza asilimia 4.95 kwa kila mtu. Indiana hutoza takribani asilimia 3, na kaunti ya Hamilton, iliko Carmel, huongeza kama asilimia 1. Minnesota hutoza kwa ngazi, kuanzia asilimia 5.35 hadi 9.85 kwa wenye vipato vikubwa, ingawa nguo na vyakula vingi havitozwi kodi ya mauzo. Kwa hesabu tupu Carmel ndiyo nafuu, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Liko pia jambo la chama cha wamiliki wa nyumba, ambacho katika mitaa mingi mipya ya Carmel na Naperville hukusanya ada na kuweka masharti: rangi ya mlango, aina ya uzio, mahali pa kuegesha gari la kazi. Mitaa ya zamani ya Edina ina vyama vichache zaidi, lakini halmashauri nazo zina kanuni zake, na nyasi zikipita kimo kilichowekwa barua hufika. Anayetegemea kupanda mahindi mbele ya nyumba asome masharti hayo kabla ya kununua. Nyuma ya nyumba mara nyingi hakuna anayekusumbua, na nimeona sukuma wiki na mchicha vikistawi vizuri sana kati ya Juni na Septemba.

Usafiri kwa asiye na gari

Naperville inawapita wenzake kwa mbali. Njia ya reli ya Metra huunganisha mji na kituo cha Union Station katikati ya Chicago, na treni za haraka hufika chini ya saa moja. Mwenye kazi jijini anaweza kuishi na gari moja badala ya mawili. Katikati ya mji kuna njia ya kutembea kando ya mto DuPage, iliyofunguliwa mwaka 1981 mji ulipotimiza miaka 150, na kando yake maktaba, maduka na mahali pa kukaa. Bibi anayeishi karibu na hapo atatoka mwenyewe. Bibi anayeishi mitaa mipya ya kusini hatatoka, maana pale ni mbali na kila kitu, na wanunuzi wengi wa sasa ndiko wanakoelekezwa.

Edina ina mabasi ya Metro Transit yanayoiunganisha na Minneapolis, na mji wenyewe ni mdogo na uko karibu, hivyo hata teksi ya simu si ghali kupita kiasi. Southdale, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa ramani ya Victor Gruen, ndiyo jengo la kwanza la maduka Marekani lililofunikwa lote na kudhibitiwa joto na baridi. Wazee hutembea humo ndani asubuhi za Januari, raundi baada ya raundi, na mzazi aliyekuja kutoka Mombasa au Bukavu anaweza kujiunga nao bila kuombwa anunue kitu.

Carmel usafiri wa umma ni kama haupo. Kilichopo ni mji uliopangwa kwa uangalifu mkubwa. Chini ya meya Jim Brainard, aliyeongoza tangu 1996 hadi mwisho wa 2023, taa nyingi za kuongoza magari ziling'olewa na mahali pake pakajengwa vipilefti, ambavyo sasa vimezidi 150. Magari hayasimami sana, na ajali za kuumiza watu hupungua kwa kuwa hakuna anayekatiza njia panda kwa kasi. Tena reli ya zamani ya Monon imegeuzwa njia ya miguu na baiskeli inayokwenda hadi katikati ya Indianapolis. Kijana mwenye baiskeli ana uhuru Carmel kuliko anavyoweza kuupata katika miji mingi ya aina hii, lakini kwa bibi asiyeendesha gari, nyumba iliyo mbali na Monon ni kifungo chenye zulia.

Majira

Baridi ipo kote, lakini si sawa. Wastani wa joto wa Januari ni kama nyuzi 2 chini ya sifuri Indianapolis, nyuzi 4 chini ya sifuri Chicago, na nyuzi 9 chini ya sifuri Minneapolis, ambako zipo siku linaposhuka hadi 25 chini. Theluji ya msimu mzima ni kama sentimita 65, 95 na 130 kwa mfuatano huo. Njia ya gari kutoka barabarani hadi kwenye banda ni mali yako, na kuisafisha ni kazi yako. Asubuhi ya theluji nzito mtu wa zamu ya saa moja huamka saa kumi alfajiri, anavaa tabaka tatu, anasukuma koleo kwa nusu saa, ndipo gari la jiji linapita na kumrudishia ukuta wa theluji mdomoni mwa njia yake. Wengine humlipa mtu au hununua mashine. Ziwekwe kwenye hesabu fedha hizo.

Mwanga nao una hesabu yake. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni Naperville, na karibu na saa kumi na nusu Edina. Carmel hufuata saa za mashariki, kwa hiyo jioni huwa na mwanga hadi karibu saa kumi na moja na nusu, lakini asubuhi jua huchomoza kama saa mbili na watoto husubiri basi la shule gizani.

Watu

Weusi ni wachache katika miji yote mitatu, takribani mtu mmoja kati ya ishirini au pungufu. Naperville imechanganyika zaidi, kwa kuwa zaidi ya mtu mmoja kati ya watano ana asili ya Asia, wengi wao Wahindi. Msikiti upo, maduka ya viungo yapo, unga wa dengu na tangawizi mbichi havitafutwi kwa tochi, na mtoto mwenye jina geni hakai peke yake darasani. Katika kaunti ya DuPage, iliko sehemu kubwa ya Naperville, wamepokelewa wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongo na Warundi, kwa hiyo Kiswahili husikika makanisani.

Wakazi wa Carmel wengi ni Wazungu, na jamii ya Waswahili iko Indianapolis kwenyewe, ambako wapo Wakongo wengi. Utaendesha gari kwenda ibada na misiba, kisha utarudi. Majirani ni wapole, hukuletea keki siku ya kuhamia, na hukualika kwenye sherehe ya mtaa wakati wa kiangazi. Zaidi ya hapo ni juu yako kugonga mlango.

Edina inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu historia yake imeandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1924 kampuni ya Thorpe ilianza kuuza viwanja vya Country Club, mtaa wa nyumba nzuri ambao hadi leo ni fahari ya mji, na hati za viwanja hivyo zilikataza asiye Mzungu kumiliki au kuishi humo, isipokuwa mtumishi wa ndani. Kabla ya hapo familia za watu weusi zilikuwa zimelima na kuishi Edina kwa miongo kadhaa. Mahakama Kuu ya Marekani iliondoa nguvu ya masharti hayo mwaka 1948, na sheria ya makazi ya 1968 ikayapiga marufuku, lakini maneno yalibaki kwenye hati. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kuyatangua rasmi kwa waraka unaosajiliwa kaunti. Ukinunua nyumba ya miaka hiyo, omba hati za zamani uzisome. Mtu mwenye jina la Kiswahili anayesaini waraka wa kutangua sharti lililomkataza yeye asiishi chumba anachosimama ni jambo ambalo watoto wanapaswa kulishuhudia.

Kwa upande mwingine, hakuna mji kati ya hii mitatu ulio karibu na watu wetu kama Edina. Minneapolis ina jamii kubwa kabisa ya Wasomali nchini, wengi wao waliopitia Kenya na kukijua Kiswahili, na tangu 2023 jiji linaruhusu adhana ya sala zote tano kwa vipaza sauti. Wakenya wamejaa Brooklyn Park, upande wa kaskazini. Nyama ya mbuzi, chapati na msusi wa nywele viko mwendo wa dakika ishirini au thelathini.

Nani aende wapi

Ikiwa mmoja wenu ana kazi katikati ya Chicago, au mnataka watoto wakue kati ya watu wa asili nyingi, Naperville inastahili kodi yake, ila tafuteni nyumba ndogo karibu na kituo cha treni au mto badala ya kubwa iliyo mbali. Ikiwa mna watoto wadogo, kazi zinazofanyika nyumbani au upande wa kaskazini wa Indianapolis, magari mawili, na mnatuma fedha nyumbani kila mwezi, Carmel itawaachia nafasi ya kupumua kuliko mingine. Ikiwa mnamtunza mzazi, au mmoja wenu hukonda roho akikaa wiki bila kusikia Kiswahili, Edina ina nguvu, mradi baridi haiwatishi. Na ikiwa bei haifikiki, kaeni Richfield mkaombe nafasi ya shule.

Kwa wenye mashaka, na hasa waliofika karibuni, fleti za kupanga zipo ndani ya mipaka ya shule katika miji yote mitatu, na mtoto wa mpangaji hukaa darasa moja na mtoto wa mwenye nyumba. Pangeni mwaka mmoja, mwaka wenye Januari ndani yake. Mkimwalika mzazi kutoka nyumbani, mwalikeni ndani ya mwaka huo, mmwachie ufunguo wa mlango wa mbele, na jioni mkirudi kazini mmuulize leo alikwenda wapi.